Ctrl+Alt+Del inarebuti seva ya kliniki hata mtu hajaingia, nataka watu wawili tu ndio waweze

fundi_arua

Habari zenu wakubwa. Naomba msaada kwa hii kitu. Kuna kliniki moja hapa Arua, Uganda, nawasimamia kompyuta zao, wana seva moja ya Debian 12, haina deskitopu, ni ile skrini nyeusi tu na herufi, ndiyo inabeba rekodi za wagonjwa wote na foleni ya maabara. Diski nzima imesimbwa kwa LUKS maana hizi ni siri za watu, na tangu ile sheria ya ulinzi wa data ya 2019 wenye kliniki hawataki mchezo kabisa, mwizi akibeba mashine asipate hata jina la mgonjwa mmoja. Chumba cha seva hakuna, iko mapokezi nyuma ya kaunta, na kibodi na skrini viko hapo hapo kwa sababu kila asubuhi mhasibu anaingia kuangalia kama bakapu imepita.

Sasa shida. Wafanyakazi karibu wote wametoka Windows, na kule ofisini walikotoka ukitaka kuweka paswadi lazima kwanza ubonyeze Ctrl+Alt+Del. Mtu anakaa hapo, anaona neno login linamtazama, anabonyeza vitufe vitatu vile alivyozoea. Hii ya kwetu haimuulizi chochote, inazima na kuwaka upya, mtu hajaingia hata na akaunti. Ikirudi inasimama kwenye paswadi ya LUKS ambayo tunayo mimi na mhasibu peke yetu. Siku hiyo kama mimi niko Koboko au Yumbe na mhasibu yuko benki, basi kazi yote inarudi kwenye kalamu na daftari. Kuna siku mtoto aliletwa anatetemeka degedege, muuguzi anataka kujua dawa gani inamkataa, na jibu liko ndani ya mashine inayoomba paswadi. Hiyo siku ndiyo imenifanya niandike hapa.

Nimesoma mwongozo mmoja wa zamani wa kulinda Linux unasema kuna faili /etc/shutdown.allow, unaandika majina ya wanaoruhusiwa, kila jina mstari wake, halafu Ctrl+Alt+Del inawatii hao tu. Nimelitengeneza, jina langu na la mhasibu yamo, mwenye faili ni root, msimamizi mkuu wa mashine, ruhusa 600. Haibadilishi kitu, yeyote anayepita anarebuti.

Kwa nini hilo faili halisomwi, na siku hizi mnaruhusuje watu kwa majina? Kung'oa kibodi siwezi, mhasibu anaitumia.

nyabo_kernel

Pole kaka. Faili halisomwi kwa sababu Debian 12 inaendeshwa na systemd, programu ya kwanza kuwaka inayosimamia huduma zote, na shutdown.allow ni kitu cha sysvinit, iliyofanya kazi hiyo zamani. Enzi zile kulikuwa na /etc/inittab na ndani yake mstari kama huu:

`ca:12345:ctrlaltdel:/sbin/shutdown -t1 -a -r now`

Ile `-a` ndiyo ilikuwa inaituma shutdown ikasome /etc/shutdown.allow. Bila `-a` lilikuwa linapuuzwa hata na sysvinit yenyewe. Debian ilihamia systemd kwenye toleo la 8, mwaka 2015, inittab ikaondoka na hilo faili likabaki halina wa kulisoma, ila miongozo ya zamani bado inazunguka mtandaoni na watu wanainakili bila kuangalia ni ya mwaka gani.

Elewa kwanza vitufe vinapita wapi, ukishaelewa hapo mengine yote ni mepesi. Mtu akibonyeza Ctrl+Alt+Del kwenye konsoli, ile skrini nyeusi ya herufi, wa kwanza kuona ni kerneli, kiini chenyewe cha Linux. Kerneli inaangalia thamani iliyo kwenye /proc/sys/kernel/ctrl-alt-del, ikikuta 0 inatuma ishara ya SIGINT kwa mchakato namba 1, ikikuta namba juu ya 0 inarebuti hapo hapo bila hata kumalizia kuandika data kwenye diski. systemd ikiwaka inahakikisha ni 0. Halafu systemd ikipata hiyo SIGINT inaanzisha ctrl-alt-del.target, na hiyo ni kiungo tu kinachoelekea reboot.target, jionee:

`ls -l /lib/systemd/system/ctrl-alt-del.target`

Sasa katika safari hiyo yote niambie ni wapi mtu ameulizwa jina. Hakuna. Kerneli inajua vitufe, haijui vidole ni vya nani. Hata polkit haisaidii hapa, maana polkit, mtoa ruhusa, inaulizwa na logind, msimamizi wa walioingia, pale mtu mwenye akaunti anapoandika `systemctl reboot`, na Ctrl+Alt+Del haipiti kwa logind kabisa. Kwa hiyo hiyo ndoto ya vitufe vitatu vya watu wawili kwenye systemd haipo. Kilichopo ni kuvifunga kwa wote halafu unawapa hao wawili mlango mwingine, ambao unauliza jina.

Kufunga ni hivi:

`sudo systemctl mask ctrl-alt-del.target`
`sudo systemctl daemon-reload`

Usitumie `disable` ukaenda nyumbani, kile kiungo cha /lib kinabaki na vitufe vinaendelea kufanya kazi. `mask` inaweka kiungo kingine kwenye /etc/systemd/system kinachoelekea /dev/null na hicho ndicho kinashinda.

Halafu mlango wa hao wawili, kwa sudo, inayompa mtu nguvu za root kwa komandi uliyomruhusu. Tengeneza kundi, tuseme wasimamizi, waingize, halafu `sudo visudo -f /etc/sudoers.d/rebuti` na uandike mstari mmoja:

`%wasimamizi ALL=(root) /usr/bin/systemctl reboot`

NOPASSWD usiweke. Acha kila mmoja aulizwe paswadi yake, na jina lake liandikwe kwenye journal, kumbukumbu ya mashine, na saa aliyorebuti. Jina la hilo faili la sudoers.d lisiwe na nukta ndani yake, sudo inaruka mafaili yenye nukta bila kukuambia kitu.

mzee_tororo

Dada amesema vizuri sana ila bado kuna tundu, na ukifanya mask ukaishia hapo tundu lenyewe ndiyo linapanuka. systemd inahesabu. Ctrl+Alt+Del ikibonyezwa zaidi ya mara 7 ndani ya sekunde 2 inaacha kuangalia ile ctrl-alt-del.target, inarebuti kwa nguvu moja kwa moja, na mask haigusi hiyo njia hata kidogo. Sasa fikiria mfanyakazi wako aliyezoea mashine inazima mara moja, leo amebonyeza kimya, atafanya nini? Atabonyeza tena na tena kwa haraka mpaka ifike hiyo hesabu, na hapo badala ya kuzima kwa utaratibu kama zamani unapata ile mbaya zaidi ambapo huduma hazipewi nafasi ya kufunga kazi zao.

Tengeneza saraka /etc/systemd/system.conf.d kama haipo, ndani yake faili 10-cad.conf lenye haya:

`[Manager]`
`CtrlAltDelBurstAction=none`

Halafu `sudo systemctl daemon-reexec`. Huhitaji kurebuti ndiyo isomwe.

Na kuhusu lile faili lako, mimi bado nina mashine za Devuan (Debian isiyo na systemd) na sysvinit hapa Tororo na huko shutdown.allow inafanya kazi mpaka leo, lakini watu wengi wanaielewa vibaya. Haiangalii nani amebonyeza. Inaangalia kama kuna mtu yeyote kati ya walioandikwa ambaye ameingia kwenye konsoli mojawapo. Mhasibu wako akiwa ameingia konsoli ya pili, tty2, akaenda kunywa chai bila kutoka, mgeni aliyekaa hapo anabonyeza na mashine inamkubalia sababu jina la mhasibu liko ndani. Wakiwa hawapo wote wawili, inaandika kwenye skrini kwamba hakuna mwenye ruhusa aliyeingia na inakataa. Ni bora kuliko bure, lakini si ulinzi wa jina kama ule wa sudo. Usihuzunike kwamba huna.

askari_wa_paketi

Nipo Mbarara, nasoma hii kwa makini sababu nina kitu kama hicho kwenye sacco. Mmesahau SysRq, njia ya kuiamuru kerneli moja kwa moja kwa kibodi. Kwenye kibodi nyingi ni kile kitufe cha Print Screen. Mtu akishika Alt na hicho kitufe akagusa B, kerneli inarebuti hapo hapo, haiulizi systemd, haimalizii kuandika, haifungi diski. Hao wa mapokezi hawataijua, ila ndugu unasema mashine imelindwa, basi ilinde kweli.

Angalia thamani yako:

`cat /proc/sys/kernel/sysrq`

Debian inakuja na 438. Hiyo ni jumla ya namba ndogo, kila moja ni ruhusa ya kitu kimoja: 2 ni kiwango cha ujumbe wa konsoli, 4 ni udhibiti wa kibodi, 16 ni kumalizia kuandika diski, 32 ni kuigeuza iwe ya kusoma tu, 128 ni kurebuti na kuzima, 256 ni kushusha kipaumbele cha kazi za muda halisi. Toa 128 unabaki na 310. Mimi sipendi kuweka 0 sababu siku mashine imeganda kabisa, kile cha 16 na cha 32 vinaweza kuokoa data yako kabla hujakata umeme. Weka:

`echo 'kernel.sysrq = 310' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-sysrq.conf`
`sudo sysctl --system`

Mwenye root bado anaweza kuandika b kwenye /proc/sysrq-trigger hata ukiweka namba gani, hiyo jumla ya namba inahusu kibodi tu. Ndiyo maana sudo uliyowapa lazima iwe ile komandi moja tu, si sudo yote.

Halafu batani ya mbele ya kuzimia. Kwenye /etc/systemd/logind.conf weka `HandlePowerKey=ignore`, hapo mguso mmoja hautazima. Mtu akiishikilia kama sekunde nne hivi hiyo ni maunzi yenyewe, Linux haina la kusema.

mama_seva

Wanangu ngojeni kidogo. Mnafunga milango yote vizuri na mimi sipingi hata komandi moja hapo juu, lakini hakuna aliyeuliza mfanyakazi wa mapokezi atafanya nini siku mashine imeganda kweli na fundi yuko Yumbe. Mimi nitawaambia maana nimesimamia seva za shule hapa Jinja miaka mingi: atafuata waya mpaka ukutani na atang'oa plagi. Ctrl+Alt+Del ya systemd ni ya adabu, inasimamisha hifadhidata, inaziambia huduma zifunge kazi, inaondoa diski kwa utaratibu ndiyo irebuti. Plagi haifanyi lolote katika hayo. Ukimnyang'anya mtu njia ya adabu bila kumpa nyingine umemsukuma kwenye plagi, na rekodi za wagonjwa zikiharibika nusu nusu hakuna sheria ya 2019 itakayozirudisha.

Kwa hiyo fundi mwanangu, kabla hujafunga kitu, kwanza hakikisha kweli ni vitufe. Usimshtaki mtu kwa kudhani. Andika:

`journalctl --list-boots`

utaona kila mara ilipowaka. Halafu angalia mwisho wa ile iliyotangulia:

`journalctl -b -1 -n 40`
`journalctl -b -1 _PID=1 | grep SIGINT`

Ikiwa ni vitufe utakuta systemd imeandika Received SIGINT, na baada yake huduma zinasimama moja moja kwa mpangilio. Ikiwa umeme ulikatika au mtu kang'oa waya, kumbukumbu inakatika tu katikati ya kazi, dakika hii kuna mtu anaandikishwa na mstari unaofuata ni wa kuwaka upya. Badilisha -1 iwe -2, -3, uende nyuma mpaka uridhike. Hizo mbili zinataka dawa tofauti.

Pili, sema nao. Debian inaonyesha maneno yaliyo kwenye /etc/issue juu ya login, yafute yaliyopo uandike yako, kwa Kiswahili na kwa lugha ya hapo kwenu. Waambie hii ni seva, vitufe vitatu havihitajiki, ukiona shida piga simu kwa fulani. Mtu ambaye hajaambiwa kitu anafanya alichofundishwa kwingine, si kosa lake.

Tatu, na hii ndiyo inaniuma zaidi katika hadithi yako ya yule mtoto, tatizo lako kubwa si nani anarebuti, ni kwamba ikisharebuti hakuna mtu hapo wa kuifungua. Umeme utakatika tu siku moja na UPS itaisha betri. LUKS2 ina nafasi 32 za funguo kwenye diski moja. Ongeza ufunguo wa tatu:

`sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sda3`

weka kizigeu chako wewe. Iandike paswadi hiyo ndefu kwenye karatasi, tia kwenye bahasha iliyogundishwa, muuguzi mkuu aifungie kwenye kabati la dawa zile za kusainiwa, ambalo tayari lina daftari la nani kalifungua na saa ngapi. Siku bahasha ikifunguliwa, unafuta ule ufunguo na `luksKillSlot` unaweka mwingine. Sasa wanaweza kuendelea kutibu watu bila wewe.

nyabo_kernel

Mama umenifungua macho kwa hiyo ya kabati la dawa, nakubali kabisa, na mimi ningeifanya kabla ya ile mask.

Niongeze kitu kwenye LUKS. Kaka fundi unaweza kuifungua ukiwa mbali. Weka `dropbear-initramfs`, ni seva ndogo ya ssh inayoamka kabla diski haijafunguliwa. Ufunguo wako wa umma unauweka kwenye /etc/dropbear/initramfs/authorized_keys, halafu `sudo update-initramfs -u`. Mashine ikirudi na kusimama pale kwenye paswadi, unaingia kwa `ssh root@` na anwani yake, unaandika `cryptroot-unlock`, unaweka paswadi na inaendelea kuwaka. Anwani inachukua kwa DHCP, kwa hiyo iambie ruta iipe ile ile kila siku. Na tafadhali usifungue mlango wa ssh kutoka intaneti moja kwa moja, ingia kwanza kwa VPN iliyo kwenye ruta, kwa sababu wakati huo mashine yenyewe haijawaka, haiwezi kukuendeshea VPN. Kompyuta yako italalamika kwamba utambulisho wa seva umebadilika, hiyo ni sawa, dropbear ina ufunguo wake na lazima uwe tofauti na ule wa ssh ya kawaida, maana initramfs, ule mfumo mdogo unaowaka kabla diski haijafunguliwa, inakaa kwenye /boot ambayo kwa kawaida haijasimbwa.

Halafu usishangae: pale kwenye skrini ya paswadi ya LUKS Ctrl+Alt+Del bado itarebuti hata ukifanya yote ya juu, sababu systemd bado haijachukua usukani na kerneli inafanya kazi yake peke yake. Haina madhara, diski haijafunguliwa, hakuna cha kuharibika.

kijana_mbale

Samahani naingilia, mimi niko na maabara ya shule huku Mbale, Ubuntu 22.04 na deskitopu ya GNOME, wanafunzi wanapenda kurebuti mashine ya mwenzake katikati ya mtihani. Nimefanya ile mask na Ctrl+Alt+Del bado inaleta kile kidirisha cha kutoka. Na nikiweka kanuni ya polkit kwenye rules.d haishiki kabisa, nimeinakili vile vile. Nifanyeje?

askari_wa_paketi

Ndugu, yako wewe ni kesi tofauti. Ukiwa ndani ya GNOME kerneli haishughuliki na vitufe vitatu, deskitopu ndiyo inavichukua, kwa hiyo mask haihusiki ila iache tu kwa sababu mwanafunzi anaweza kwenda konsoli kwa Ctrl+Alt+F3. Ile ya deskitopu unaifunga kwa dconf, hifadhi ya mipangilio ya GNOME. Kwanza hakikisha /etc/dconf/profile/user ipo na ina mistari `user-db:user` na `system-db:local`, halafu faili /etc/dconf/db/local.d/00-cad:

`[org/gnome/settings-daemon/plugins/media-keys]`
`logout=['']`

na kwenye /etc/dconf/db/local.d/locks/cad mstari mmoja ili wasiirudishe wenyewe:

`/org/gnome/settings-daemon/plugins/media-keys/logout`

Malizia na `sudo dconf update`, wote watoke waingie tena.

Kanuni yako haishiki kwa sababu Ubuntu 22.04 bado ina polkit ya 0.105, na hiyo haijui zile kanuni za JavaScript, inasoma mafaili ya pkla. Kwa 24.04 au Debian 12 ile uliyonakili ingeshika. Weka /etc/polkit-1/localauthority/50-local.d/rebuti.pkla:

`[Wanafunzi wasirebuti]`
`Identity=unix-group:wanafunzi`
`Action=org.freedesktop.login1.reboot;org.freedesktop.login1.reboot-multiple-sessions;org.freedesktop.login1.power-off;org.freedesktop.login1.power-off-multiple-sessions`
`ResultAny=no`
`ResultInactive=no`
`ResultActive=no`

Bila hii, mtu aliyekaa mbele ya mashine anaruhusiwa kurebuti bila paswadi, hivyo ndivyo inavyokuja kutoka kiwandani. Na skrini ya kuingilia nayo ina kile kibatani chake cha kuzima, GDM inayoiendesha ina `disable-restart-buttons=true` chini ya `[org/gnome/login-screen]`, hiyo inaenda kwenye /etc/dconf/db/gdm.d.

fundi_arua

Wakubwa asanteni sana sana, nimerudi na majibu.

Nilianza na ya mama, journal kabla ya kufunga chochote, na kilichotoka sikukitarajia. Ndiyo, SIGINT zipo, nyingi ni asubuhi zamu zinapobadilishana, hapo hakuna ubishi. Lakini kuna nyingine kumbukumbu imekatika ghafla bila SIGINT wala huduma kusimama, na zote ni saa ya usafi jioni. Nikaenda kukaa pale jioni nione. Seva na UPS yake vilikuwa vimechomekwa kwenye ekstensheni moja na birika la mapokezi, na UPS yenyewe betri imekufa, kwa hiyo anayepiga deki akisogeza ile ekstensheni mashine inaanguka. Ningefunga vitufe peke yake ningeendelea kulaumu watu wa mapokezi kwa kitu cha soketi. Sasa seva ina soketi yake ya ukutani, betri ya UPS imebadilishwa, na birika limehamia jikoni.

Halafu nikafunga. mask, CtrlAltDelBurstAction, sysrq 310, HandlePowerKey, sudoers ya kundi. Nimejaribu usiku kliniki imefungwa, na bakapu ipo. Mbonyezo mmoja: kimya, na journal inaandika kwamba ctrl-alt-del.target imefunikwa (masked). Nikabonyeza mfululizo kwa kasi vile mzee wa Tororo alivyosema: kimya pia. Nikaitoa ile faili ya 10-cad.conf kwa makusudi, nikafanya daemon-reexec, nikabonyeza tena kwa kasi, ikarebuti kwa nguvu pale pale na mask ipo. Kwa hiyo yeyote anayesoma hii baadaye, zile mbili zinakwenda pamoja, moja bila nyingine ni kazi bure. Nimeirudisha.

Mhasibu ameingia na akaunti yake akaandika `sudo systemctl reboot`, akaulizwa paswadi yake, ikakubali, na jina lake liko kwenye journal. Akaunti ya mapokezi imejaribu, imekataliwa.

Bahasha iko kwenye kabati la dawa, muuguzi mkuu mwenyewe alipendekeza isainiwe kwenye daftari lile lile. dropbear imekubali nikiwa ofisini, kupitia VPN ya ruta bado, ruta waliyonayo ni ya zamani haina hiyo, nimewaombea nyingine na wamekubali kuinunua mwezi ujao.

/etc/issue nimeandika kwa Kiswahili na Kilugbara, herufi kubwa, na namba mbili za simu. Mama, yule dada wa zamu ya asubuhi ameisoma akaniuliza kwani kumbe sisi ndiyo tulikuwa tunaizima? Hakuna aliyewahi kumwambia.

@kijana_mbale ukikwama na hiyo pkla andika hapa `pkaction --version` inasema nini, na `id` ya mwanafunzi mmoja, mara nyingi unakuta akaunti yenyewe haimo kwenye kundi.